Maisha ya John Hampden, Aliyekataa Kutoa Shilingi 20

Mara nyingi katika habari za mataifa twasoma juu ya wafalme na majemadari, jinsi walivyoteka miji na kushinda vita. Safari hii twapenda kuwaeleza habari za mtu ambaye hakuwa mfalme wala hakuteka mji, naye alipata sifa katika nchi yake kwa ajili ya fedha kidogo aliyokataa kuitoa. Fedha hiyo ilikuwa shilingi 20. Mtu huyo alikuwa tajiri, angaliweza kuitoa siku ile ile bila kuona hasara. Walakini shauri lake lilifika mbele ya mahakimu 12, na nchi nzima ikatega masikio. Jina lake ni John Hampden, Mwingereza, mjumbe wa Bunge katika siku za Mfalme Charles wa Kwanza.

Hampden alizaliwa karibu na mwaka 1595. Ukoo wake ulikuwa umekaa miaka mingi sana katika kijiji cha Great Hampden, penye vilima vya Chiltern, katika jimbo la Buckinghamshire, si mbali sana na mji wa London. Walikuwa na mashamba mengi na wapangaji wengi. Baba yake, William, alifariki mwaka 1597, John akali mtoto mdogo, hivyo alirithi mali kabla ya kujua mali ni nini. Mama yake, Elizabeth, alikuwa wa ukoo wa Cromwell. Yeye alikuwa shangazi yake Oliver Cromwell, ambaye baadaye alikuja kuitawala Uingereza. Basi Hampden na Cromwell walikuwa mabinamu.

Alisoma kwanza katika shule ya mji wa Thame. Mwaka 1610 akaingia chuo cha Magdalen huko Oxford. Na mwaka 1613 akaenda London kujifunza sheria. Hakujifunza ili awe wakili. Desturi ya siku zile ilikuwa kwamba vijana wa watu wenye mashamba wajifunze sheria kidogo, wapate kuangalia mali yao na kuamua mashauri ya watu wa vijijini kwao. Lakini elimu ile ilikuja kumfaa kwa jambo kubwa kuliko mipaka ya mashamba. Mwaka 1619 alimwoa Elizabeth Symeon, wakapata watoto 9. Mama huyo alifariki mwaka 1634, akazikwa katika kanisa la Great Hampden, na mumewe akamwekea jiwe la kumbukumbu lenye maneno ya kumsifu.

Kwa habari ya dini, Hampden alikuwa mmoja wa wale walioitwa Wapuritani, maana yake watu wanaotaka usafi. Hao walikuwa ndani ya Kanisa la Uingereza, nao waliona kwamba kazi ya matengenezo iliyoanzishwa na Luther katika Ujerumani, ikafika na kwao, ilikuwa haijamalizika. Walipenda mahubiri na kusoma Maandiko nyumbani, wakachukia mapambo na taratibu ambazo maaskofu wa mfalme walitaka kuzirudisha kanisani. Baadhi ya Wapuritani walikuwa watu wakali wa maneno. Hampden hakuwa hivyo. Edward Hyde, aliyekuwa upande wa mfalme na kuandika kitabu kikubwa juu ya mambo ya siku zile, alikiri kwamba mtu huyu alikuwa na adabu nyingi. Katika baraza hakuwa mwepesi wa kusema. Aliwaacha wengine waseme, akayapima maneno yao, kisha akaeleza shauri kwa ufupi na upole hata wengi wakavutwa kumfuata.

Sasa yatupasa kueleza kidogo habari za Bunge. Siku zile Bunge la Uingereza halikukutana kila mwaka. Mfalme aliliita alipotaka, akalivunja alipochoka nalo. Walakini palikuwa na sheria na desturi ya zamani kwamba mfalme asitoze watu kodi mpya isipokuwa Bunge limekubali. Kwa hiyo mfalme aliyepungukiwa na fedha hakuwa na budi kuwaita wajumbe, nao wajumbe walipata nafasi ya kumweleza malalamiko ya watu kabla ya kufungua mfuko. Hampden aliingia Bunge mara ya kwanza mwaka 1621, akiwa mjumbe wa Grampound katika Cornwall. Tangu mwaka 1624 alikuwa mjumbe wa Wendover, karibu na kwao.

Mwaka 1625 Charles alitawazwa badala ya baba yake James. Alikuwa mtu wa heshima katika nyumba yake, mwenye kupenda ibada. Lakini aliamini kwamba mfalme amewekwa na Mungu juu ya watu wote, wala hana haja ya kutoa hesabu kwa mtu. Alikuwa na vita na Hispania, kisha na Ufaransa, na Bunge halikumpa fedha zote alizotaka. Basi akawaagiza wenye mali wamkopeshe kwa lazima. Kila mtu alijua kwamba mkopo wa namna hiyo ni kodi iliyovikwa nguo nyingine. Hampden akakataa. Mwaka 1627 akafungwa pamoja na wengine waliokataa, asiachiliwe mpaka mapema mwaka 1628. Mwaka ule Bunge likamwandikia mfalme hati iliyoitwa Ombi la Haki, yenye kusema kwamba mtu asitozwe kodi wala mkopo pasipo idhini ya Bunge, wala asifungwe pasipo kuonyeshwa kosa lake. Mfalme akaikubali hati ile, ila moyoni hakuipenda.

Katika kazi hiyo Hampden alikuwa na rafiki, John Eliot, mjumbe kutoka Cornwall, msemaji mkuu wa Bunge wakati ule. Mwaka 1629 mfalme alilivunja Bunge kwa hasira, na Eliot akatiwa kifungoni katika Mnara wa London. Angaliweza kutoka kama angalikiri kwamba amekosa, hakukubali. Hampden alimwandikia barua mara kwa mara, akasoma maandiko ambayo Eliot aliyatunga gerezani, akawaangalia wanawe kama watoto wake mwenyewe. Novemba 1632 Eliot alifariki mle mle gerezani kwa ugonjwa wa kifua. Jamaa zake waliomba wapewe maiti wakaizike kwao Cornwall. Mfalme alikataa, Eliot akazikwa pale pale Mnarani. Twaweza kufahamu jinsi neno hilo lilivyoingia moyoni mwa Hampden. Aliona kwa macho yake bei ambayo mtu hutozwa kwa kumkatalia mfalme.

Basi kwa miaka 11, tangu 1629 hata 1640, Uingereza ilikaa bila Bunge. Mfalme akatafuta fedha kwa njia nyingine, na njia iliyoleta fedha nyingi kuliko zote ni kodi ya merikebu. Zamani, vita vilipokuwa karibu, wafalme waliiamuru miji ya pwani ilete merikebu kulinda bahari, au itoe fedha badala yake. Mwaka 1634 Charles alitoa amri hiyo kwa watu wa pwani. Mwaka 1635 akaieneza katika nchi nzima, hata majimbo yaliyo mbali na bahari. Buckinghamshire, jimbo lisilo na bandari hata moja, liliambiwa kutoa merikebu moja ya tani 450, ama pauni 4,500. Kodi ya nchi nzima kwa mwaka ilikuwa karibu pauni 200,000. Mwaka uliofuata amri ikaja tena, na mwaka uliofuata tena. Ndipo watu wakaelewa kwamba si msaada wa siku ya hatari, bali ni kodi ya kudumu.

Yatupasa kumtendea mfalme haki. Fedha zile hazikuliwa katika karamu; merikebu ziliundwa kweli, na wanyang'anyi wa baharini kutoka Afrika ya Kaskazini walikuwa wakiwateka watu katika pwani za Uingereza na kuwauza utumwani. Haja ilikuwako. Ila swali lilikuwa jingine: ni nani mwenye haki ya kusema kwamba hatari imefika, na kwamba kwa ajili yake mtu anyang'anywe mali yake? Ikiwa mfalme peke yake aweza kusema hivyo, na hakuna wa kumwuliza, basi leo atasema kwa shilingi moja, na kesho kwa shamba zima.

Mwezi wa Januari 1636 iliandikwa katika parokia ya Great Kimble orodha ya watu waliokataa kutoa kodi hiyo. Jina la kwanza ni la John Hampden, na chini yake yamefuata majina ya watu wa kijiji, wengi wao wakulima wa kawaida. Hampden alikuwa na mashamba katika vijiji vingi, na kila kijiji kilikuwa na hesabu yake. Wakubwa wa serikali walichagua hesabu ya shamba lake la Stoke Mandeville, nayo ilikuwa shilingi 20, yaani pauni moja. Naye Hampden akawa tayari kujibu.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa Novemba na Desemba 1637 mbele ya mahakimu wakuu wote 12 wa nchi. Wakili wa Hampden aliyesema kwanza, Oliver St John, hakumtukana mfalme. Alikubali kwamba ni kazi ya mfalme kuilinda nchi, na kwamba hatari ikija ghafula, kama vile adui amekwisha kushuka pwani, mfalme aweza kuamuru mara moja. Lakini akaonyesha tarehe. Amri ilitolewa Agosti 1635, na merikebu zilitakiwa kuwa tayari Machi 1636. Kati yake palikuwa na miezi 7. Katika miezi 7 mfalme angaliweza kuliita Bunge, likakutana, likatoa fedha kwa sheria. Basi hatari iliyoweza kungoja miezi 7 si hatari ya kuvunjia sheria.

Hukumu ilikamilika mwezi wa Juni 1638. Mahakimu 7 walisema kwamba mfalme ana haki. Mahakimu 5 walikuwa upande wa Hampden. Mmoja wa hao 5 alikuwa George Croke, mzee wa miaka mingi. Yasimuliwa kwamba aliogopa kumkosesha mfalme, na mkewe ndiye aliyemtia nguvu, akimsihi asihukumu kinyume cha dhamiri yake kwa kuogopa hasara, maana yeye yu tayari kupatwa na umaskini pamoja naye. Upande wa pili, hakimu mmoja, John Finch, alisema kwamba hakuna sheria ya Bunge iwezayo kumzuia mfalme asiamuru watu, miili yao na mali zao. Neno hilo liliwaogofya watu kuliko kodi yenyewe.

Basi kwa sheria Hampden alishindwa. Lakini watu waliyahesabu mambo kwa namna nyingine. Walisema kwamba ikiwa mahakimu 5, waliowekwa kazini na mfalme mwenyewe, wamethubutu kumkatalia, kweli shauri la mfalme ni dhaifu. Habari zikaenea sokoni na makanisani, na jina la Hampden, ambalo zamani lilijulikana Buckinghamshire tu, likajulikana kila mahali. Kodi ya mwaka 1639 ilipotozwa, ni sehemu ndogo tu iliyopatikana.

Huenda msomaji mwangalifu atatuuliza hapa: je! Mtume Paulo hakufundisha kwamba wenye mamlaka watiiwe, na kodi wapewe? Swali hilo ni la haki, na Wapuritani wenyewe waliulizana. Tuangalie jinsi Hampden alivyofanya. Hakuficha mali yake, hakumhonga karani, hakuwachochea wapangaji wake wawapige watoza kodi. Jina lake liliandikwa mahali paonekanapo, akaitwa, akaja, akasema kwa kinywa cha wakili, akangoja hukumu. Alishika neno moja, kwamba sheria ya nchi ndiyo mamlaka, na mfalme naye yu chini yake. Hivyo amtiiye mfalme akivunja sheria hakuyatii mamlaka, ameiacha sheria. Wako wanaojifanya kuwa na dhamiri kumbe wanapenda fedha zao. Kwa Hampden haikuwa hivyo, kwa sababu gharama na taabu ya shauri zilipita shilingi 20 mara nyingi.

Wakati huo mfalme alikuwa amezua taabu nyingine. Mwaka 1637 alijaribu kuwalazimisha Waskoti watumie kitabu kipya cha sala, nao wakaasi. Vita vilihitaji fedha, ikambidi kuliita Bunge. Lilikutana Aprili 1640, na kabla ya mwezi kwisha likavunjwa. Novemba mwaka ule ule akaliita tena, nalo hilo lilidumu hata likaitwa Bunge Refu. Hampden alikuwamo, mjumbe wa jimbo lake la Buckinghamshire, akifanya kazi bega kwa bega na John Pym, kiongozi wa wajumbe. Mwaka 1641 Bunge lilitangaza kwamba kodi ya merikebu ni batili na hukumu ya mwaka 1638 imefutwa. Mfalme mwenyewe akatia sahihi. Zile shilingi 20 zilikuwa zimeshinda.

Laiti mambo yangaliishia hapo! Lakini hofu ilikuwa imekwisha kuota mizizi pande zote mbili. Usiku wa Novemba 22, 1641, Bunge lilijadiliana juu ya hati ndefu ya kumlaumu mfalme, mpaka mishumaa ikawashwa. Hati ilikubaliwa kwa kura 159 dhidi ya 148, na mara makelele yakainuka, watu wakashika panga zao. Mjumbe mmoja aliyekuwapo aliandika baadaye kwamba walikuwa karibu kuuana, isipokuwa Hampden aliinuka, akasema maneno machache kwa utulivu, na ghadhabu ikapoa wakaenda kulala.

Tarehe 4 Januari 1642 Mfalme Charles alikwenda mwenyewe Bungeni pamoja na askari mia kadhaa, ili awakamate wajumbe watano kwa kosa la uhaini. Mmoja wao alikuwa Hampden. Lakini walikuwa wamekwisha kuonywa, wakatoka kwa mashua katika mto Thames. Mfalme akaingia, akatazama huku na huku, asiwaone. Akamwuliza Spika, William Lenthall, naye akapiga magoti kwa heshima, akakataa kumjibu pasipo ruhusa ya Bunge. Mfalme akatoka mikono mitupu. Tangu siku ile hakuna mfalme wa Uingereza aliyeingia katika chumba kile wajumbe wakiwa katika mkutano wao. Siku chache baadaye watu wa Buckinghamshire, maelfu, walipanda farasi wakaja London kumtetea mjumbe wao. Mfalme alikuwa amekwisha kuuacha mji.

Agosti 1642 vita vikaanza, Waingereza kwa Waingereza. Hampden, aliyekuwa mtu wa vitabu na mashauri, aliunda kikosi cha askari wa miguu katika jimbo lake, wakavaa makoti ya rangi ya majani. Twakiri kwamba hapa hadithi yake inakuwa nzito. Mtu aliyezuia panga zisitoke alani usiku wa Novemba sasa alichomoa wa kwake, na vita hivyo viliwaua watu wengi mno, wengi wao wasiojua habari za kodi wala za Bunge. Yeye aliona kwamba mlango wa sheria umefungwa siku mfalme alipoingia Bungeni na askari. Wengine wenye dhamiri njema waliona vingine, wakaenda upande wa mfalme.

Juni 1643 Rupert, mpwa wake mfalme, alitoka Oxford usiku na wapanda farasi, akashambulia vijiji vilivyokaliwa na majeshi ya Bunge. Hampden alikuwa karibu. Kikosi chake hakikuwapo, lakini alipanda farasi akajiunga na wachache waliojaribu kumchelewesha Rupert mpaka msaada ufike. Asubuhi ya tarehe 18, katika uwanja wa Chalgrove, alipata jeraha kubwa begani. Wengine husema ni risasi za adui. Wengine husema bastola yake mwenyewe ilipasuka. Alionekana akiondoka vitani polepole, kichwa kimeinama juu ya shingo ya farasi. Akafika Thame, mji ule alikosoma utotoni, akalala siku 6 katika maumivu, akafariki tarehe 24 Juni 1643. Wakamzika kanisani Great Hampden, alikozikwa mkewe.

Hakuona mwisho wa mambo. Binamu yake Oliver Cromwell akawa jemadari mkuu. Mfalme akakatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649. Kisha Cromwell naye akatawala kwa nguvu ya jeshi, akalivunja Bunge kama Charles alivyofanya. Mwaka 1660 ufalme ukarudishwa. Lakini mwaka 1689, mfalme mwingine alipokuwa ameikimbia nchi kwa kuvunja sheria, Bunge liliandika Hati ya Haki, na ndani yake limo neno lile lile, kwamba kutoza fedha pasipo idhini ya Bunge ni kinyume cha sheria. Mmoja wa viongozi wa mashauri ya mwaka ule alikuwa Richard Hampden, mwanawe John. Safari hii kiti cha enzi kilipewa mfalme mwingine kwa shauri la baraza, na katika Uingereza yenyewe haikutokea vita kama ile ya kwanza.

Katika maisha haya twaona mambo mawili, nayo yafaa yashikwe pamoja. La kwanza ni kwamba udogo wa fedha haufanyi jambo liwe dogo. Wengi walioitwa kutoa shilingi chache walisema moyoni ni heri kutoa na kukaa kwa amani, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Mmoja aliuliza kwa haki gani, akauliza waziwazi, akakubali kushindwa mbele ya mahakimu. Na swali lake lilidumu kuliko hukumu yao. La pili ni la huzuni. Mtawala anapowafungia watu mlango wa kuuliza kwa amani, swali halifi. Hurudi likiwa na silaha mkononi, nalo huwameza waliouliza pamoja na waliokataa kujibu. Basi heri nchi ile ambayo mtu aweza kusimama mbele ya mahakimu kwa ajili ya shilingi 20, akasema neno lake lote, kisha akarudi kwake jioni salama.